Karatasi ya Kunyamaza: Mwisho Wake Ni Wapi?

(Maneno ya kamati yetu ya haki mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka. Tumeyaweka hapa kama yalivyosomwa, kwa wale ambao hawakufika na kwa wafadhili wetu.)



Leo siye wa kamati hatukuja kuongea juu ya mbegu wala mchango wa mwezi. Tumekuja kuongea juu ya karatasi. Ni fupi, mara nyingi ukurasa mmoja wa Kifaransa, na chini kuna nafasi ya sahihi, ama ya kidole kwa asiyejua kuandika. Inasema hivi: umepokea pesa kiasi fulani, mambo yameisha, hutamwambia tena mtu yeyote yale yaliyotokea kati yako na mkubwa wako wa kazi. Siye tunaiita karatasi ya kunyamaza.

Toka tuliporudi kutoka makambi ya Tanzania, wengi wetu tunaishi kwa kazi za watu: kazi ya siku kwenye miradi, upishi, ulinzi, usafi wa biro, kufundisha. Anayeandika majina asubuhi ndiye anayeshika ugali wa jioni. Usumbufu unaingia pale pale. Mwanamke anaambiwa asipokubali, jina lake litatoka kwenye orodha. Akikataa na kulalamika, anaitwa pembeni: "Mama, tia tu kidole apa, mambo iishe." Halafu anakuja kwetu na swali moja: "Nilitia kidole. Sasa nikisema, watanifunga?"

Swali hilo ndilo tunalotaka kulijibu leo.

Kwanza tutofautishe karatasi mbili. Moja unaisaini mbele ya tatizo lolote, siku unapoingia kazini: ndani ya kontra kuna mstari unaosema utatunza siri za kazi. Mstari huo una maana yake. Muuguzi hawezi kutangaza magonjwa ya watu sokoni, wala mwenye kushika sanduku kutangaza pesa za biro. Lakini mikono ya shefu kwenye mwili wako si siri ya kazi. Karatasi ya pili inakuja nyuma, wakati tatizo limekwisha kutokea na kuna pesa juu ya meza. Hiyo ndiyo nzito, kwa sababu mwenye kuisaini mara nyingi ana njaa, ana aibu, na hana mtu wa kumsomea.

Jambo hili halikuanzia kwetu Fizi. Wakati wa Ebola ya Beni na Butembo, kati ya 2018 na 2020, wanawake wengi walisema kwamba wanaume wa kazi ya Ebola waliwataka mwili kwanza ndipo wapate kazi. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti tarehe 28/09/2021. Ilihesabu washukiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa Shirika hilo lenyewe. Mwezi wa 5 wa mwaka ule ule, wanahabari wa Associated Press walikuwa wamekwisha kutoa habari ya mkataba mmoja: daktari wa Shirika aliahidi kwa maandishi, kwa njia ya notere, kumlipa msichana pesa, kumlipia matibabu na kumnunulia kiwanja. Wafanyakazi wawili wa Shirika walitia sahihi kama mashahidi. Daktari aliwaeleza wanahabari kwamba nia ilikuwa kulinda jina la Shirika.

Msichana yule alihitaji matibabu na kiwanja, na hakuna wa kumlaumu kwa kupokea. Tunachowaomba mkumbuke ni wale mashahidi wawili. Tutarudi kwao mwishoni.

Sasa sheria ya Congo inasema nini? Tuihesabu kwa vidole vinne.

Kidole cha kwanza: sheria namba 06/018 ya tarehe 20/07/2006 iliweka unyanyasaji wa kingono ndani ya makosa ya jinai. Ni mwenendo wa kurudiarudia, kwa maneno, ishara, amri, vitisho, ama kwa kutumia mamlaka ya kazi, ili kupata mwili wa mtu. Adhabu yake ni kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 12 na amende, ama moja ya hizo mbili.

Kidole cha pili: kwa makosa mengine, mkosaji anaweza kulipa amende na faili ikafungwa hapo hapo bila kufika mbele ya jaji. Sheria namba 06/019 ya tarehe ile ile iliifunga njia hiyo kwa makosa ya kingono. Basi ofisa akikuambia, "Alishalipa, nenda nyumbani," mwulize ameitoa wapi ruhusa hiyo.

Kidole cha tatu: sheria yetu ya mikataba, ya tangu 1888, inasema mkataba wenye sababu inayopingana na sheria, na maadili mema, ama na usalama wa watu wote, hauna nguvu yoyote. Karatasi iliyonunua ukimya ili kuficha kosa la jinai, avoka anaweza kuishambulia mahali hapo.

Kidole cha nne: Sheria ya Kazi ya 2002 inahesabu unyanyasaji wa kingono wa mwajiri ama mjumbe wake kuwa kosa zito. Mfanyakazi anaweza kuvunja kontra mara moja, bila kungoja siku za taarifa, na haki zake hazipotei.

Lakini kuko tundu, na ni lazima tuseme. Kwa ubakaji, parke inaweza kufuata kesi hata kama aliyeumizwa hakulalamika. Kwa unyanyasaji wa kingono wa kazini, sheria 06/018 inangoja malalamiko yake mwenyewe. Asipofungua mdomo, hakuna kesi. Mnaona sasa kwa nini mkubwa yuko tayari kulipa? Ananunua kitu kimoja tu ambacho sheria inakingoja: mdomo wa yule mama.

Nchi nyingine zimeligundua tundu la namna hii na kuanza kuliziba. Tunazitaja kwa sababu mbili: kuko wadogo na wakubwa zetu waliotoka kambini wakaenda Marekani na sasa wanafanya kazi kule, na kuko wafadhili wetu wanaoishi chini ya sheria hizo.

Uingereza, mwaka 1998, Zelda Perkins, msaidizi wa mtengenezaji wa filamu Harvey Weinstein, pamoja na mwenzake, walisaini karatasi ya kunyamaza na kulipwa pauni 250,000 kwa wote wawili. Hata kuongea na daktari kuliwekewa masharti. Perkins alinyamaza miaka 19, mpaka 2017 alipoivunja karatasi mbele ya magazeti. Leo, sheria ya Uingereza ya 2024 inasema karatasi yoyote iliyosainiwa kuanzia tarehe 1/10/2025 haiwezi kumzuia aliyetendewa kosa la jinai kuwaambia polisi, avoka, mganga, watu wa kumsaidia, wala wazazi, watoto ama mwenzi wake.

Marekani, sheria iliyosainiwa tarehe 07/12/2022 inaondoa nguvu ya karatasi ile ya kwanza, ya mbele ya tatizo: tajiri hawezi kuitumia mahakamani kumnyamazisha mtu kuhusu unyanyasaji wa kingono. Karatasi ya pili, ya baada ya tatizo, haikuguswa na sheria hiyo, kwa hiyo majimbo yamejiwekea yao. New York inataka siri iwe ni matakwa ya mlalamikaji mwenyewe, inampa hadi siku 21 za kufikiri, na siku 7 za kubadilisha wazo baada ya kusaini. California, toka 2019, inakataza kuficha matendo yenyewe pale malalamiko yamekwisha kufika mahakamani. Kiasi cha pesa kinaweza kubaki siri, na jina la mlalamikaji pia, kama yeye mwenyewe ameomba.

Hapo California ndipo tunaona mstari mzuri wa kuiga. Wako wamama hapa watakaosema: "Mimi siri ninaitaka. Sitaki mume wangu asikie sokoni. Sitaki mtoto wangu achekwe shuleni." Wana haki, na chama hiki hakitamlazimisha mtu kusimama mbele ya watu. Siri ya jina lake ni mali yake: akitaka ataifunga, akitaka ataifungua. Mwenye kumuumiza hana haki ya kuinunua, na biro inayoogopa kupoteza mradi haina haki hiyo. Wazee wa familia wanaopokea mbuzi na pesa ili "kumaliza kinyumbani" nao hawana.

Tunashauri nini?

Usisaini siku ile ile. Kama wanakuambia ofa inaisha leo saa kumi, jua kuna kitu wanakiogopa kesho. Chukua nakala. Wakikunyima nakala, hiyo peke yake ni sababu ya kukataa. Msomewe kwa Kiswahili, neno kwa neno, na mtu ambaye hakutumwa na biro. Tunza meseji na majina ya waliokuwepo, na uandike tarehe kwenye daftari.

Kama ni ubakaji, hospitali kwanza, mbele ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinangoja saa hizo tu. Hakuna karatasi inayoweza kukuzuia kwenda kwa mganga.

Kama ulishatia kidole zamani, usijione umefungwa. Njoo kwetu, tutatafuta avoka pamoja. Unaweza kwenda polisi, parke, kwa inspekta wa kazi. Ila usianze na redio wala kundi la WhatsApp. Sheria ya jinai inaadhibu kumsingizia mtu hadharani kwa nia mbaya, kifungo cha siku 8 hadi mwaka 1, na wanaonyanyasa wanaijua vizuri kuliko siye. Mahali pa kusemea ni mbele ya wenye kazi ya kusikia.

Kwenu wafadhili: mnapotoa pesa kwa miradi, mnauliza hesabu za mafuta na magodoro. Ulizeni pia: biro hii imesaini karatasi ngapi za kunyamaza, na nani aliomba siri? Na mradi mmoja ukijitokeza kusema "kwetu kulitokea unyanyasaji, tumeushughulikia," musiuadhibu kwa kukata pesa. Mkiukata, wote waliobaki watajifunza kuficha.

Sasa turudi kwa mashahidi wawili wa Beni. Hapa kwetu pia, karatasi ya kunyamaza haisimami bila shahidi, na biro inapenda shahidi anayeheshimiwa: mzee, mchungaji, rais wa chama. Sahihi yake inamwambia mama kwamba hata watu wake wamekubali. Kwa hiyo tunaleta azimio moja la kupigia kura leo: hakuna mjumbe wa chama hiki atakayetia sahihi kama shahidi kwenye karatasi inayomzuia mtu kwenda polisi, parke, kwa mganga ama kwa avoka. Akiitwa, aende, lakini aende kumsomea yule mama, halafu amsindikize.

Wanaokubali, wainue mkono. Wasiokubali, waongee, tuko hapa kuwasikiliza.