Bustani ya Umma, Nani Aitetee?

Jirani akibomoa ukuta wa nyumba yako, njia unaijua. Utakwenda mahakamani na utasikilizwa, maana ukuta ni wako. Lakini je, mtu akitaka kujenga jumba katika bustani ya umma, nani amshitaki? Bustani si ya mtu mmoja.

Swali hilo liliulizwa Nairobi mwaka 1989. Kampuni ya Kenya Times Media Trust ilikusudia kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru. Marehemu Wangari Maathai, kiongozi wa Green Belt Movement, alikwenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi uzuiwe. Mahakama haikupima kama bustani itadhurika au la. Ilisema mama huyu hana haki ya kushitaki, kwa kuwa hakudhurika yeye binafsi, na anayeweza kushitaki kwa niaba ya umma ni Mwanasheria Mkuu peke yake. Kesi ikatupwa.

Hebu tafakari. Mwanasheria Mkuu ndiye wakili wa serikali. Gazeti lililotaka jumba hilo lilikuwa la chama tawala, KANU. Kuku aliambiwa akapeleke malalamiko yake kwa wakili wa mwewe! Jumba halikujengwa, lakini lililoizuia ni kelele za wananchi na wafadhili waliorudi nyuma, si mahakama.

Leo sheria ya Kenya imebadilika. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 ilianza kuufungua mlango, na Katiba ya mwaka 2010 ikaupanua. Ibara ya 70 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia.

Matunda yake yalionekana Lamu. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko. Kikundi cha Save Lamu na wakazi wenzake walikata rufaa kwenye Baraza la Rufaa za Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu mojawapo kubwa: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mtambo ulikuwa haujajengwa, wala hakuna aliyeulizwa kwanza ameumia wapi.

Lakini tusilale. Rufaa ya namna hiyo ina muda wake, siku 60. Tangazo la mradi hutoka gazetini kwa herufi ndogo, nasi tunalipita tukikimbilia ukurasa wa michezo. Tunashituka tinga linapoanza kunguruma. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Mlango ambao Wangari Maathai aliukuta umefungwa, sasa uko wazi. Kuingia ni juu yetu. Hadi juma lijalo, kwaherini.