Gesi Iliyosingiziwa: Nitriki Oksaidi na Malaria Inayopanda Kichwani



Habari za mtafiti Furchgott na majaribio yake ya mishipa ya sungura mnazijua, na Tuzo ya Nobel ya 1998 iliyotokana nayo pia. Tukumbuke tu kwamba utando wa ndani ya mshipa hutengeneza nitriki oksaidi, na gesi hiyo huulegeza mshipa damu ikapita.

Nimekuja na ugomvi mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ian Clark na wenzake huko Canberra walidai kwamba mtoto mwenye malaria iliyopanda kichwani huzimia kwa sababu gesi hii imezidi, ikapenya ubongoni na kuvuruga mawasiliano ya neva. Dai tamu! Linaeleza hata kwa nini mtoto aliyezimia juzi, leo anaamka na kuomba uji. Lakini utamu si ushahidi.

Gesi hii haidumu. Hutoweka ndani ya sekunde. Tunachopima ni masalia yake, naitreti, na naitreti ina milango mingine miwili. Wa kwanza niliujua kwa aibu. Nikiwa mtafiti chipukizi, nilimkimbilia mwalimu wangu na kipimo cha mtoto mmoja kilichopaa. Hakukitazama. Aliuliza, "Jana alikula nini?" Nikarudi wodini. Mama mtu akanijibu, "Mchicha, daktari. Ndio uliokuwepo." Mchicha umejaa naitreti.

Mlango wa pili ni figo. Zikielemewa, naitreti hubaki kwenye damu, nasi tukadhani imetengenezwa kwa wingi.

Ndiyo maana siichoki makala ya Anstey na wenzake ya 1996, iliyotokana na watoto wa Dar es Salaam. Walizingatia chakula. Walizingatia figo. Walipima mkojo na damu, kisha wakaitafuta ndani ya chembe nyeupe protini yenyewe inayotengeneza gesi. Kadiri ugonjwa ulivyokuwa mkali, ndivyo gesi ilivyopungua. Mwaka 2003, utafiti mwingine kwa watoto wa Tanzania ukaonyesha kwamba hata arjinini, malighafi ya gesi hiyo, huwa haba kwa wagonjwa hao. Mshitakiwa hakuwepo hata mtaani.

Naungama: Uganda walijaribu kuwavutisha watoto gesi hii, na majaribio yaliyochapishwa 2015 hayakuonyesha nafuu. Nimeyapima na kuyapima tena. Yanasema tiba ile, kwa njia ile, haikufaa. Malaria hupasua chembe nyekundu, na hemoglobini inayomwagika huimeza gesi kabla haijafika mbali. Anayejaza mtungi uliotoboka asiseme nyumbani hakuna kiu. Mimi bado nashikilia: mtoto yule amepungukiwa, hakuzidishiwa.

Nanyi vijana mtakaonipinga, karibuni na vipimo vyenu. Nitaanza kwa kuuliza mgonjwa alikula nini.