Tairi Lililotoboka: Kuziba au Kubadili?



Gari la wagonjwa linapotoka kituo cha afya usiku likiwa na mama mwenye uchungu, hakuna anayeuliza habari za matairi yake. Swali hilo lilipaswa kuulizwa mchana, siku ile msumari ulipong'olewa na fundi pancha akasema kazi imekwisha.

Wengi huamua kwa kutazama ukubwa wa tundu. Kipimo hicho kina ukweli wake, kwa kuwa tundu la tairi la gari dogo likizidi milimita 6 halizibiki kwa usalama, lakini hakitoshi. Lenye uzito zaidi ni mahali tundu lilipo. Katikati, panapokanyaga barabara, pana matabaka ya nyaya za chuma chini ya mpira, na kiraka hushika kikatulia. Ubavu hauna ukanda huo. Hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, na kiraka kilichobandikwa hapo huanza kubanduka mapema. Pancha ya ubavuni au begani haizibwi, hata iwe ndogo kama ya sindano.

La pili halionekani kwa nje. Dereva aliyehisi gari likivuta upande mmoja, akaendelea "hadi pale kwa fundi", amelitembeza tairi bila upepo, na uzito wa gari umeusaga ubavu kati ya ringi na barabara. Nje tairi huweza kubaki zima machoni. Ndani mna unga mweusi wa mpira, na makunyanzi yameuzunguka ubavu. Tairi hilo limekwisha, ingawa kilichoingia ni msumari mdogo tu.

Kwa hiyo fundi anayechomeka kamba ya mpira kwa nje, tairi likiwa bado kwenye ringi, hawezi kujua alichokiziba. Kamba hiyo yafaa kumfikisha msafiri penye karakana. Kuziba kwa kweli ni kulivua tairi, kulikagua ndani, kulijaza tundu na kubandika kiraka upande wa ndani.

Ipo pia desturi ya kutia tyubu ndani ya tairi lililoundwa litumike bila tyubu, ili ubavu uliopasuka uendelee kutembea. Upepo hukaa, udhaifu hubaki palepale. Wenye kuifanya huiita kubana matumizi.

Si kwamba kila tairi lililotoboka litupwe. Matairi ni ghali na bajeti ni ile ile. Tairi lililotoboka katikati, gari likasimamishwa mapema na tundu likazibwa kwa ndani, huweza kutumika hadi kashata zake ziishe. Lakini zikiisha, yaani uso ukilingana na vialama vilivyo ndani ya mifereji yake, ambavyo ni milimita 1.6, kuziba ni kutia kiraka kanzu iliyooza. Umri nao husomeka ubavuni: tarakimu 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Dereva arudishapo gari lililopata pancha, inafaa aandike katika daftari la safari mambo matatu: tairi lipi, tundu liko wapi, na gari lilitembea umbali gani baada ya upepo kuisha. Hilo la tatu ndilo madereva huona haya kuliandika, na ndilo fundi analolihitaji kuliko yote.