Korongo Nyuma ya Jembe



Nabii Yeremia, katika sura ya nane, alipotaka kuwaaibisha watu wa Yerusalemu hakuwatajia wafalme wala malaika. Aliwatajia ndege wa safari, ambao huujua wakati wao wa kurudi. Neno hilo lilitukaa moyoni Aprili 2018, huko Polandi, tulipotembea siku nzima na darubini katika bonde la mto Biebrza. Theluji ilikwisha yeyuka, mto umefurika vinamasini, na mashamba ya kandokando yakilimwa kwa trekta. Nyuma ya jembe walifuata korongo weupe kwa mwendo wa mapadre wazee (mtuwie radhi), wakiokota minyoo.

Korongo wa namna hiyo ndio wanaokaa Afrika Mashariki wakati Ulaya ina baridi. Hupaa kwa kubebwa na hewa ya moto ipandayo kutoka ardhini, na kwa kuwa juu ya bahari hewa hiyo ni haba, huizunguka bahari: hufuata mto Naili, wakapita Sinai, wakavukia Bosphorus. Aghalabu dume hutangulia. Hukirejea kiota cha mwaka uliopita, akakitengeneza kabla jike hajafika. Wakulima huwawekea gurudumu kuukuu la mkokoteni juu ya paa au nguzo, wapate mahali pa kujenga, wala hawawadai kodi.

Kinamasini tulimwona na ndege wa matopeni ambaye kwenye maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya hakuna amtazamaye mara mbili, maana huko huwa na rangi ya majani makavu. Ulaya, majira ya kuchipua, dume huota ukosi mpana wa manyoya shingoni: huyu mweusi, yule mweupe, mwingine hudhurungi. Mwenzetu mmoja alikataa katakata kusadiki kwamba ni ndege yule yule.

Lakini korongo ndiye anayetuhusu zaidi. Akiwa kwetu hula nzige na viwavijeshi, kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya. Hatusemi viwavi waachwe wale mahindi ya watoto. Twasema kwamba sumu inyunyizwayo ovyo humpata pia huyo aliyekuja kuwala, na gurudumu la mkulima wa Biebrza likabaki tupu. Ninyi makatekista mnaoishi na wakulima, zungumzeni nao kuanzia Novemba, wakati makundi hayo yanapowasili, kabla bomba la dawa halijapandishwa mgongoni.