Tairi za Subaru Ndani ya Ndia Kuu

Msikilizaji, ukiwa na Subaru ya mbio na kila siku wapita Ndia Kuu ya Mji wa Kale kuelekea Fort Jesus, usivutiwe na tairi nyembamba ubavuni. Kwa upana ule ule, tairi yenye namba ya ubavu 55 hustahimili shimo zaidi kuliko ya 35, ambayo hupasuka upesi na kupinda rimu. Herufi V ubavuni ni ya kikomo cha kasi cha kilomita 240 kwa saa. Mji wa Kale, hata 20 ni nyingi! Chagua yenye mifereji mipana, masika yana maji. Soma tarakimu nne ubavuni: 2324 ni tairi iliyotengenezwa wiki ya 23, mwaka 2024. Na zile za theluji zilizokuja na gari kutoka Japani, zivue: mpira wake laini huisha haraka kwa joto letu.