Hakimiliki ya Hifadhidata kwa Majirani Zetu



Askari akamatapo ng'ombe wa wizi, mwenye mali huonyesha chapa yake. Je, akamatapo kompyuta yenye orodha ya maelfu ya majina na anwani zilizonakiliwa, chapa ataitafuta wapi?

Majirani zetu wamekwisha kulikabili swali hili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inahesabu majedwali na mikusanyo ya taarifa, pamoja na ile iliyomo ndani ya kompyuta, kuwa ni kazi za maandishi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 nayo inazitaja hazina za taarifa za kielektroni. Nasi Tanzania tuliweka ulinzi wa namna hiyo katika sheria yetu ya mwaka 1999. Nchi zote tatu ni wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, ambalo mkataba wake wa mwaka 1994 juu ya miliki ubunifu unaagiza hivyo katika ibara ya 10.

Lakini ibara hiyo hiyo inaweka mpaka. Kinacholindwa ni ubunifu wa kuteua na kupanga taarifa. Taarifa zenyewe hazilindwi.

Mpaka huo ulipimwa vikali huko Marekani. Kampuni ya simu ya Rural, ya jimbo la Kansas, ilikataa kuiruhusu kampuni ya Feist kutumia orodha ya wateja wake. Feist ikanakili. Kumbe Rural ilikuwa imechomeka majina ya uongo ili kuwanasa wanakili, na manne kati yake yakakutwa katika kitabu cha Feist! Ushahidi wa kunakili ulikuwa dhahiri. Hata hivyo, tarehe 27 Machi 1991, Mahakama ya Juu iliamua kwamba Rural haikuwa na hakimiliki katika majina hayo, maana kupanga majina kwa kufuata alfabeti si ubunifu, hata kama kazi yenyewe ilikuwa ya jasho.

Nchi za Ulaya ziliona jasho hilo lisipotee bure. Mwaka 1996 zilianzisha haki ya pekee ya miaka 15 kwa yule aliyegharimia kukusanya taarifa.

Ndugu wasikilizaji, hukumu ya Marekani haizifungi mahakama zetu. Lakini inamfunza askari kwamba kuthibitisha kunakili ni nusu tu ya kazi. Aulize pia: nani aliyeteua taarifa hizi, na nani aliyezipanga, kwa akili gani? Tena asichanganye mambo: siri za ulinzi zina sheria yake nyingine, hazingoji hakimiliki.

Asiyeuliza maswali hayo aweza kumwachia mwizi wa kazi ya mwenzake. Aweza pia kumsaidia tajiri kuyafungia kabatini majina, bei na tarehe ambazo ni mali ya watu wote. Yote mawili ni dhuluma, na mlinzi wa sheria hana budi kuyazuia yote mawili.