Nduma katika Pembe Yenye Majimaji



Karibu kila shamba lililo chini ya kilima lina pembe moja ambayo mwenyewe huitazama kwa uchungu. Udongo wake haukauki. Mahindi yakipandwa hapo hugeuka manjano, na maharagwe huoza mizizi. Mwenye shamba akichoka, huchimba mfereji ili maji yatoke, au hupanda mikaratusi ili iyanywe. Kabla ya kufanya hivyo, nawaomba mliweke jembe chini mnisikilize.

Pembe hiyo ndiyo makao hasa ya nduma, ambazo ndugu zetu wa pwani huziita majimbi. Mmea huu huweza kusimama katika maji bila kuoza, kwa kuwa mabua yake hupitisha hewa mpaka mizizini.

Chagueni machipukizi yenye afya yaliyotoka ubavuni mwa mmea mzima, au kichwa cha nduma pamoja na kipande cha bua. Changanyeni udongo na samadi iliyooza vizuri. Acheni nafasi ya futi 2 kati ya mche na mche, mkapalilie mpaka majani yafunike ardhi. Baada ya miezi 7 hadi 12, majani yakipungua na kugeuka manjano, chimbeni. Zipikeni mpaka ziive kabisa, maana nduma mbichi huwasha kinywa na koo.

Lakini msilime hadi ukingoni mwa kijito. Mizizi ya manyasi ndiyo inayoushika udongo wa hapo. Ukilimwa, mvua kubwa huupeleka mtoni. Na asiye na mahali penye majimaji asikate tamaa. Achimbe shimo refu kama mtaro, lenye kina cha futi 2, atandike karatasi ya plastiki chini, ajaze udongo na samadi, kisha amwagilie maji mara kwa mara.

Kuhusu mikaratusi, kumbukeni kwamba mwaka 2009 Serikali ya Kenya iliagiza ing'olewe karibu na vyanzo vya maji, kwa sababu hunywa maji mengi mno.

Maji yaliyo chini ya pembe yako ndiyo yanayojaza mtungi wa jirani aliye bondeni. Ukiyakausha, utapata mistari michache ya mahindi, naye atapata safari ndefu ya kwenda kuteka. Ukipanda nduma, wewe utakula, naye atakunywa.